Faida ya Mwezi wa Mafuriko

Maiti ya kibarua Cornel ilikutwa Jumatatu asubuhi ndani ya mfereji wa makapi, chini ya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, katika shamba moja nje kidogo ya Kimamba. Ilikuwa imelala kifudifudi, ute wa kijani umeifunika hadi mabegani. Waliokuja kuwasha mashine waliona kwanza unyayo uliotokeza juu ya ute.

Inspekta Lupakisyo alifika kwa gari la polisi kutoka Kilosa, akiwa na Konstebo Tomasi. Meneja wa shamba, Bwana Harding, alikuwa anawasubiri kando ya mfereji, na maneno ya kuandikwa alikwisha kuyatayarisha. Marehemu alikuwa mlevi, ameteleza gizani, ajali. Mashine iwashwe.

Tangu ahamishiwe Kilosa, Lupakisyo alikuwa amelisikia neno hilo la ajali katika kila shamba. Mkono umekatika, ajali. Mtu kaangukiwa na robota la mkonge, ajali. Na kila mara wakubwa wake walitia saini, faili likafungwa.

Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mferejini.

"Mashine haiwashwi," alisema akiwa humo ndani.

"Kila saa inayopita ni hasara, Inspekta."

"Haiwashwi."

Aliufungua mkono wa kulia wa marehemu, kidole baada ya kidole. Kiganjani mlikuwa na singa za mkonge, ndefu, laini, zilizokwisha kuchanwa kwa brashi. Nje ya ngumi zilikuwa zimelowa ute, lakini katikati, zilipobanwa, zilikuwa bado nyeupe na kavu. Singa za namna hiyo hazipatikani kwenye korona. Hupatikana ghalani, zinakofungwa marobota tayari kwa kusafirishwa.

Kisogoni palikuwa na tundu dogo, lenye kina.

Aliamuru mfereji ukaushwe. Watu walichota makapi kwa makoleo hadi jua likawa la utosi, na chini kabisa Tomasi akaokota kulabu ya chuma ya kunyanyulia marobota. Ghalani, penye ukuta wa kutundikia kulabu, msumari mmoja ulikuwa mtupu.

Alasiri hiyo, hospitalini Kilosa, Daktari Msaidizi Simoni alimpa Lupakisyo majibu bila kuzunguka. Mapafuni hamkuwa na ute hata kidogo. Mtu yule alitupwa akiwa amekwisha kufa. Tumboni hamkuwa na pombe. Tundu la kisogoni na ncha ya kulabu vilikubaliana.

"Alipigwa kwa nyuma," Simoni alisema. "Alikuwa amempa mtu mgongo, anaondoka zake."

Ghala lilikuwa na funguo mbili. Mmoja wa Bwana Harding, ambaye Jumapili nzima alikuwa Kilosa klabuni, na wazungu wenzake walimwona. Wa pili ulikuwa wa karani wa ghala, Kasian, mtu wa makamo, mpole, mwenye kuheshimiwa kanisani na kambini.

Lupakisyo hakumkamata bado. Alitaka kwanza kujua sababu, na sababu aliipata kwa mjane.

Natalia alikuwa amekaa mkekani mbele ya chumba chao kambini, wanawake wenzake wamemzunguka. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa makavu na makali. Alimwambia Inspekta kwamba mumewe hajagusa pombe tangu abatizwe, kisha akamweleza habari ya hisa.

Ilianza wakati wa vita vya Korea, bei ya mkonge ilipopanda mpaka matajiri wa mashamba wakawa wanabadilisha magari kama mashati. Kasian aliwakusanya watu wa kambi akawauliza kwa nini wao wakate mkonge tu, wasiwe na sehemu yao katika kampuni. Watu wakafukua mikebe. Waliokuwa na akiba ya posta wakaitoa. Kasian akaenda Dar es Salaam na fedha zote, akarudi akasema wamenunua hisa. Kila mwisho wa mwezi akawagawia faida. Sasa bei ya mkonge imeanguka, na majuzi aliwatangazia kwamba hisa zimekufa.

"Mume wako alikubali?" Lupakisyo aliuliza.

"Wengine wote walikubali. Yeye alikuwa na neno lake la siku nyingi."

"Neno gani?"

"Mwezi ule mto Mkondoa ulipofurika ukabomoa reli, marobota yalilala ghalani mwezi mzima. Hakikuuzwa kitu. Lakini faida ilikuja vilevile, haikupungua hata senti. Cornel akaniuliza, mama, faida hii imetoka wapi?"

Lupakisyo aliandika sentensi hiyo, kisha akakaa akiitazama. Mtu aliyelisha korona maisha yake yote alikuwa ameuliza swali lililostahili kuulizwa na kila mtu.

Kesho yake alikwenda Morogoro, kwa karani mmoja Mgoa wa benki, akamwomba amfundishe kama mwanafunzi. Yule bwana akamweleza kwamba hisa ni kipande cha kampuni. Faida yake hutoka katika mauzo, baada ya gharama zote kulipwa, kwa hiyo hupanda na kushuka, na mwaka mbaya huenda isiwepo kabisa. Bei ya hisa ikianguka, thamani ndiyo hupungua. Kipande hubaki mkononi mwa mwenyewe mpaka akiuze, au kampuni ife. Kuhusu faida isiyobadilika mwezi hata mwezi, mvua au jua, alisema angekuwa yeye angeuliza fedha hiyo ni ya nani.

Na kampuni ya shamba haikuwa imekufa. Korona ilikuwa inalia kila siku.

Tomasi naye alikuwa amesikia kambini kwamba Kasian hupanda lori kwenda Mikumi kila mwisho wa mwezi. Waliifuata barabara hadi huko, wakaonyeshwa duka jipya la bati kando ya njia ya Iringa, limejaa vitenge, sukari na mafuta ya taa. Mwenye duka alikuwa mwanamke kijana, Joha. Aliwakaribisha vizuri, akawaambia kwa fahari kwamba mumewe Kasian ni mtu wa biashara, ana hisa katika mkonge. Hakujua lolote zaidi, na Lupakisyo alimwamini. Alitoka nje akasimama juani. Kila bati la paa lile lilikuwa jasho la mtu.

Kasian aliletwa kituoni Kilosa asubuhi iliyofuata. Alikaa wima, mikono magotini.

"Ghala lilifunguliwa Jumapili?"

"Hapana, afande."

"Ufunguo wako ulikuwa wapi?"

"Shingoni kwangu, kama siku zote."

"Hukumpa mtu?"

"Simpi mtu."

Lupakisyo aliweka zile singa mezani.

"Zilikuwa ngumini mwa Cornel. Aliingiaje ghalani?"

Kasian alizitazama.

"Hisa za watu zimekufaje?"

"Bei imeanguka dunia nzima, afande."

"Bei ikianguka, aliyekuwa na hisa moja bado ana hisa moja. Zao ziko wapi?"

Lupakisyo alifungua daftari penye sentensi ya mjane.

"Mwezi wa mafuriko uligawa faida ya nini?"

Kasian aliinamisha kichwa. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu kitubioni.

"Fedha zao wenyewe. Za waliochelewa niliwapa waliotangulia."

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Alisema kweli alikwenda Dar es Salaam na mfuko ule, kwa moyo safi, amevaa suti ya kuazima. Ofisini, mzungu wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka, akawaita wenzake nao wacheke, kisha akamwambia hisa si karanga, watu wa kambini hawauziwi. Dirisha likafungwa. Aliposhuka Kimamba, watu walikuwa wamejaa stesheni, wanaimba. Hakuweza kuwaambia. Akasema tumenunua.

"Mwezi ulipoisha niliwagawia kutoka mfuko uleule. Wakafurahi. Wakaleta zaidi. Walinipa mkono kwa mikono miwili, afande. Baadaye nikaona ni nyingi mno, nikajenga lile duka."

"Na Cornel?"

"Alinikuta ghalani Jumapili jioni. Nilikuwa nimeingia kukaa peke yangu. Hakudai hata senti. Alitaka niseme mbele ya watu. Nikamwambia siwezi. Akashika singa za robota lililofumuka, akanionyesha, akasema hizi ndizo mali yetu, nawe unaijua. Akageuka aende akawaambie mwenyewe."

Lupakisyo alisimama. Alikwenda dirishani. Kulikuwa na mtu Dar es Salaam aliyecheka, ambaye hakuna sheria ya kumfikisha mahakamani. Hasira hiyo ingemkaa maisha. Lakini yule aliyecheka hakuwa ndiye aliyemlalisha Cornel kwenye makapi.

"Aliyekufungia dirisha hakukupa kulabu," alisema. "Ungerudi ukawaambia. Wangekasirika pamoja nawe."

Kasian alianza kulia. Aliuliza kama atanyongwa.

"Hilo la jaji. Leo utanionyesha mahali ulipompigia."

Walipofika shambani, kambi nzima ilikuwa imekwisha kukusanyika mbele ya ghala. Kasian alionyesha mahali, akaonyesha alivyomburuta. Walipotoka nje, Lupakisyo alimsimamisha kwenye ngazi, pingu mikononi. Bwana Harding alikuja mbio kusema kazi imesimama. Tomasi akamwomba asogee pembeni.

"Sema alichokuomba Cornel," Lupakisyo alisema.

Kasian aliwageukia watu.

"Sikununua," alisema. "Hisa hazikuwepo. Fedha nilikula, na Cornel nimemuua mimi."

Mzee mmoja alikaa chini polepole. Natalia alikuwa mbele kabisa, karibu na ngazi, kaniki kiunoni, na uso wake haukubadilika.

"Sema tena," alimwambia. "Wa nyuma hawajasikia."