Aliyebisha Hodi kwa Severa

Jua lilikuwa linatua nyuma ya mabati ya Kariakoo Severa alipotoka kwenye foleni ya unga mikono mitupu, akakata kona kwenda kwa Bi Sikudhani, muuza mitishamba. Mumewe, Melkiori, alikuwa kitandani na homa. Zahanati waliambiwa dawa hakuna. Mwaka huo wa sabini na nne "hakuna" lilikuwa ndilo jibu la mji mzima: sukari hakuna, sabuni hakuna, nenda zako.

Bi Sikudhani alikuwa anakunja mkeka. Akachomoa kifungu cha majani ya kijivu, yenye harufu kali iliyopanda mpaka kwenye paji la uso.

"Pakanga hii, mwanangu. Mchemshie, anywe kidogo tu asubuhi na jioni. Homa ataitoa kwa jasho, na minyoo ikiwepo itamtoka." Severa akanyoosha mkono. Bibi hakukiachia kifungu. "Wewe, una mtu tumboni?"

Alikuwa naye. Mimba mbili za mwanzo alizitangaza kwa furaha, zikatoka zote. Mama yake wa ubatizo, Josepha, akamwonya kwamba mimba ikijulikana mapema huliwa na macho ya watu. Hii ya tatu aliificha hata kwa Melkiori. Hakuwa na kitu kingine duniani alichokitaka kama hicho.

"Hakuna mtu, Bibi."

"Nauliza kwa sababu pakanga haina masihara. Mwenye mimba hainywi wala haionji. Inamfungulia mtoto mlango, anatoka."

"Hakuna."

Bi Sikudhani akatazama nyuma ya Severa, pale barabarani. Hapakuwa na mtu.

"Haya," alisema taratibu. "Usinishukuru. Dawa haishukuriwi."

Adhana ya magharibi ilimkuta njiani. Akasikia nyayo nyuma yake. Nyayo ndogo, za miguu mitupu.

Pwata... pwata... pwata...

Akasimama. Zikasimama. Akageuka, akaona maganda ya machungwa na vumbi. Akaanza kukimbia, na nyayo nazo zikakimbia, zikihangaika kumfikia.

Nyumbani, katika chumba chao cha kupanga, alichemsha pakanga. Melkiori akakitazama kikombe kwa macho mekundu.

"Toa uchawi kwanza, mke wangu."

Hakuwa anamshuku. Huko kwao Kibosho, hata kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, hukipokei mpaka aliyekileta aonje. Severa akabaki na kikombe mkononi. Neno moja tu lingemwokoa, na lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Akaogopa kulitamka. Tone tu, alijiambia. Akaonja. Chungu!

Hapo mlango ukagongwa. Chini, karibu na sakafu.

"Hodi..." Sauti ya mtoto wa kike. "Kuna mtu?"

Severa akaganda. Hodi ya magharibi haiitikiwi hovyo. Harufu ya pakanga ilikuwa inapenya kutoka ukumbini, si kutoka kwenye kikombe.

"Hodi... Mama, kuna mtu?"

"Hakuna!" alipiga kelele. "Hakuna mtu!"

Kisha nyayo, zikienda zake polepole, kama za mtoto aliyefukuzwa.

Siku zilizofuata kila kikombe alikionja. Melkiori akapona. Alfajiri aliyoamka kurudi kazini kwake bandarini, Severa alikuwa amejikunja bafuni, analia bila sauti, na damu imeshamaliza kusema yote. Waswahili wana msemo, mficha uchi hazai. Kuna misemo ingefaa isisemwe mbele ya watu wengine.

Alirudi kwa Bi Sikudhani. Bibi ndiye aliyeuliza.

"Alibisha hodi?"

Severa hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Ilikuwa pakanga, Bibi? Au ilikuwa ni neno langu?"

"Mimi nauza majani tu, mwanangu," alisema Bibi, na machozi yakamlengalenga. "Nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili."

Tangu hapo, kila magharibi Severa aliacha mlango wazi, akakaa kizingitini. Wapangaji wakanong'ona. Yeye hakujali. Na jioni moja zikaja.

Pwata... pwata...

Zikasimama mbele yake. Harufu ile ikamfunika uso.

"Karibu," alinong'ona. "Karibu, mwanangu. Nipo. Kuna mtu, mama yako nipo..."

Nyayo zikageuka. Zikavuka ukumbi mpaka mlango wa Benedikta, msichana wa Masasi aliyehamia karibuni na mumewe.

"Hodi... kuna mtu?"

Benedikta akafungua, akicheka, mkono tumboni.

"Tupo! Karibu ndani."

Mlango ukafungwa.

Mwaka uliofuata Benedikta akamletea Severa mtoto wake wa kike ampakate, huku yeye anaanika nguo uani. Maishani mwake Benedikta hakuwahi kuishika pakanga. Severa akainamisha uso kwenye utosi wa mtoto, akavuta pumzi. Ile ile. Kali, chungu.

Mtoto akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kulia, akinyoosha mikono kuelekea uani.

Severa akamrudisha kwa mama yake.