Kizuizi cha Lango la Tatu

"Printa ya ofisini imekula karatasi tena."

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika nane asubuhi, Gundi akiwa anafunga kamba za viatu. Akausoma mara moja. Akaufuta.

Ofisi aliyoitumikia haikuwa na printa. Maneno yale yalikuwa na maana moja tu: ondoka sasa hivi, na usimuage mtu.

Wala hakuwa na wa kumuaga. Watoto wake pacha walikuwa shuleni, na baba yao, dereva wa malori, alikuwa safarini tangu juzi.

Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikinguruma nje ya geti. Kiti cha nyuma alikaa Mkuu, mzee mkavu asiyecheka hata ukimtekenya.

"Kuna lori linapita leo kituo cha ukaguzi wa mizigo," Mkuu alisema kabla mlango haujafungwa. "Limebeba baruti. Linakwenda kulipua bohari ya mafuta ya mjini. Waliolituma wako nje ya nchi, ila wana mtu wao hapa ndani. Hatujui ni lori lipi. Pale yanapita mia tatu kwa siku."

"Mashine ya kukagua mizigo haijaliona?"

"Mashine yako imesema yote ni safi. Huu ni mwezi wa nane mfululizo, yote ni safi."

Gundi akafunga mkanda wa kiti.

"Jana msimamizi wa chumba cha mitambo ameomba fundi," Mkuu akaendelea. "Amekutaja wewe kwa jina. Tunadhani mtu wao ni yeye. Anakujua kama fundi wa kompyuta, basi. Ingia, lijue lori, bonyeza saa yako mara tatu. Askari watakuwa dakika mbili tu kutoka hapo."

"Na mimi nikibanwa?"

"Usibanwe."

Rahisi kusema ukiwa umejiegemeza kwenye kiti cha ngozi. Gundi akatazama nje ya dirisha asimwoneshe uso wake. Alikuwa mwoga. Alikuwa mwoga tangu siku ya kwanza ya ujasusi, na hakuna mafunzo yaliyomtibu.

Jina la Gundi alipewa kazini. Alianza akiwa na miaka ishirini na minne, akivuta nyaya kwenye mabohari yenye vumbi, akiunganisha mifumo isiyosikilizana: hesabu za ghala na mizani, hospitali na stoo ya dawa, mizani na milango. Penye mitambo miwili iliyogombana, aliitwa Gundi. Baadaye dunia ikahamia kwenye akili mnemba, naye akahama nayo. Akaifundisha mashine kutazama picha za mizigo na kujua kilichofichwa ndani. Kazi hiyo ndiyo iliyowafanya akina Mkuu wabishe hodi kwake. Walisema anayejua mifumo ilipounganishwa anajua pia itakapochanika. Alikubali kwa sababu aliogopa kukataa, na huo ndio ukweli wenyewe.

Kituoni walimnyang'anya simu mlangoni. Saa ya Casio wakamwachia. Nani ahangaike na saa ya plastiki?

Chumba cha mitambo kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya Lango la Tatu. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo. Skrini sita. Dirisha moja kubwa linalotazama kizuizi cha lango, bomba la chuma lenye michirizi myekundu na myeupe, na mizani ya malori iliyo mbele yake.

"Karibu, dada. Pole na safari." Msimamizi alikuwa mnene, mchangamfu, amevaa sweta kama mjomba aliyekuja kukaa wiki moja. "Chai?"

"Hapana, asante. Tatizo liko wapi?"

Msimamizi akafunga mlango. Akapitisha kadi yake. Taa ya kitasa ikawaka kijani, ikazima.

"Mashine yako ni mwanafunzi mzuri sana," alisema. "Ikiwa na shaka, inamuuliza aliyekaa kwenye hiki kiti. Mimi najibu safi. Kesho yake inauliza tena, najibu safi. Miezi minane nimeifundisha hivyo, na sasa haiulizi tena."

Anamwambia yote haya mgeni. Gundi akaelewa maana yake. Mtu hakufungulii siri kama ana mpango wa kukuacha utoke.

"Tatizo ni mzee huyu." Msimamizi akagonga skrini ya mwisho, nyeusi, yenye maandishi ya kijani. "Mizani. Kizuizi hakifunguki mpaka akili mnemba ikubali na mizani nayo ikubali. Kwa mizigo midogo tulipita. Leo tumezidisha tani nne juu ya zilizoandikwa kwenye karatasi. Nataka umzime. Mimi nimejaribu, anataka neno la siri, na mstari wa kwanza una jina lako."

Ni kweli, aliuandika yeye. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Alipoleta akili mnemba, waliafikiana kikaoni kwamba mfumo wa zamani utazimwa baada ya wiki mbili. Sasa ni mwaka wa kumi na moja. Kila meneja alimwachia anayefuata, kwa kuwa hakuna aliyejua nini kitakufa pamoja nao.

"Siwezi kufanya hivyo," Gundi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

Msimamizi hakukasirika. Alisogeza gazeti lililokuwa mezani. Chini yake kulikuwa na bastola aina ya Glock. Halafu akamgeuzia skrini ya kamera ya foleni.

Lori la bluu. Kwenye dirisha la dereva, kiwiko kimetoka nje. Kofia imepinda upande wa kushoto kama kawaida yake.

Baba Pacha.

"Hajui alichobeba," Msimamizi alisema kwa upole. "Sisi ndio tuliompa kazi hiyo, ili wewe usitusumbue. Ukizima mizani, akifika mjini nampigia ashuke akanywe soda. Ukikataa..." Akainua simu ndogo ya vitufe. "Namba moja tu, mzigo wote unalipuka hapo hapo kwenye foleni."

Machozi yalimtoka Gundi bila ruhusa. Hakumwamini kuhusu soda, hata kidogo. Kidole chake kikatambaa hadi kwenye saa, kikarudi. Askari wangefika kwa dakika mbili, lakini namba moja inabonyezwa kwa sekunde moja, na lori lilikuwa mita mia sita kutoka hapo. Mumewe angekufa, na huyu mtu angetazama kwenye skrini akiwa salama na chai yake.

"Nazima," alisema.

"Ndiyo mama. Harakisha."

Akaketi. Akaandika neno la siri. Programu ikafunguka, mistari aliyoiandika akiwa binti aliyeogopa kufukuzwa kazi. Akaishuka mmoja mmoja. Mstari wa mia moja na tisa ukamsimamisha pumzi.

Mizani ikinyamaza, funga kila kitu. Malango, milango, yote. Piga king'ora.

Aliuandika kwa woga tu. Aliwaza siku moja waya utakatika na malori yatapita ovyo, lawama zije kwake. Waliojua mstari huo walishaacha kazi. Msimamizi alisimama nyuma yake akisoma kila kitu na asielewe kitu, kwa sababu alikuwa mtu wa picha na vitufe.

Basi atamtii. Ila si sasa. Lori liko mbali.

"Mbona umesimama?"

"Ni ya zamani hii, kaka. Nikikosea itajiwasha upya."

Mita mia nne. Akafuta neno, akaliandika tena. Mita mia mbili. Mdomo wa Glock ukagusa shingo yake, baridi.

"Unanichezea?"

"Naogopa! Mikono inatetemeka, huoni?"

Aliona. Haikuwa uongo, na labda hilo ndilo lililomwokoa. Mita hamsini. Gundi akasikia breki za lori zikipiga mluzi chini ya dirisha. Baba Pacha amekuwa akiahidi kuzitengeneza tangu mwaka jana. Magurudumu ya mbele yakapanda kwenye mizani, ya nyuma yakafuata.

"Zima!" Msimamizi alifoka.

Akazima.

King'ora kikalia kituo kizima. Kizuizi kikabaki chini. Nyuma ya lori, kizuizi cha pili kikashuka. Taa ya kitasa cha mlango wao ikawa nyekundu, na Msimamizi akapitisha kadi, akapitisha tena, akapiga mlango teke.

Gundi alikuwa ameshabonyeza saa. Mara tatu.

"Fungua! Fungua au nakuua!"

"Ukiniua nani atakufungulia?"

Msimamizi akainua simu. Kidole gumba kilikuwa juu ya namba.

"Bonyeza," Gundi alisema.

Sauti yake ilitoka kama ya mtoto. Msimamizi akatazama dirishani. Lori la bluu lilikuwa hatua kumi chini yao, tani nne za baruti, na katikati yao kioo kitupu. Gundi naye alikitazama kile kidole, na moyoni akamwita mumewe kwa jina lake la utotoni, akimwomba msamaha.

Jasho likashuka kwenye sweta. Sekunde tano. Kumi.

Msimamizi akaiweka simu mezani taratibu, kama inayoungua. Bastola ikafuata. Mlango ulipovunjwa alikuwa ameketi chini, mikono kichwani.

"Gundi, salama?" Mkuu aliuliza kupitia redio ya askari mmoja.

"Lori la bluu, langoni. Mwambieni dereva azime injini. Asiguse kitu. Mimi nashuka."

"Hapana, usishuke. Narudia, usi..."

Gundi alikuwa ameshafika ngazini.

Baba Pacha alitoa kichwa dirishani, amekunja uso. "Mama Pacha? Unafanya nini huku?"

"Shuka."

"Nina mzigo wa watu hapa."

"Baba Pacha. Shuka."

Akamtazama usoni, kisha mikononi. Akashuka.

Wakaondoka kwa miguu, wameshikana mikono, askari wakiwapita mbio huku na huku na magari ya wataalamu wa mabomu yakiingia kwa kasi. Wawili hao peke yao walikwenda polepole, kama watu waliotoka kununua sabuni. Wiki nzima baadaye askari walisimuliana habari ya yule mama mwenye roho ngumu, asiyeharakisha hata hatua moja.

"Tukimbie?" Baba Pacha alinong'ona.

"Siwezi. Magoti yamekataa."

Akamzungushia mkono kiunoni, akambeba nusu, wakaendelea kutembea.