Kigingi Namba Tatu

Jumamosi, saa tisa alasiri.

Chumba cha nyuma ya duka la kuziba pancha kilinuka mpira ulioungua. Shindilia alichora barabara sakafuni kwa chaki, mstari mmoja mrefu, akaweka alama ya mkasi karibu na mwisho wake.

"Kilomita ya tatu," alisema. "Kwenye kalavati, maji yanapopita chini ya barabara."

Wanaume wawili waliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza ni wapi, maana barabara ile waliijenga wao. Mwanamke huyu aliendesha shindilia miaka miwili, ile mashine ya gurudumu la chuma inayolaza lami, na jina likamganda. Baruti alilipua miamba. Karani alishika kitabu cha zamu. Kila asubuhi aliita majina kambini, na kama mtu amekwenda chooni, mwenzake humwitikia: "Yupo!"

Kesho watu elfu nne wangekimbia juu ya barabara hiyo kabla gari la kwanza halijaruhusiwa kupita. Mbio za hisani, kuchangia familia za wafanyakazi walioumia na kufa. Mwandaaji ni Bosi mwenyewe, mkandarasi. Uso mkavu kama ule hauuzwi dukani.

"Hebu rudia," Baruti alisema.

"Bosi hakimbii. Anakaa ndani ya gari lake, upande wa pili wa barabara ambao hauna watu. Anashuka kalavatini, anajimwagia maji aonekane ana jasho, anamalizia mbele ya kamera. Gari linabaki na dereva peke yake. Sisi ni watu wa meza ya maji. Tunachukua sanduku la pesa."

"Hakika limo garini?"

"Si ulilipakia mwenyewe walipovunja kambi? Ufunguo anao Karani, hakuurudisha walipomfukuza. Pesa za zawadi mtagawana nyinyi. Mimi nataka kitabu cha zamu."

Mdogo wake alifukiwa na zege ndani ya kalavati lile, mbao zilipoachia. Bosi akaandika kwamba kijana hakuwa zamu, alikuja mlevi akajitumbukiza mwenyewe. Mama yao aliamini. Tangu siku ile hakulitaja tena jina la mwanawe, na picha yake aliigeuza ikatazama ukuta. Hilo ndilo lililomchoma Shindilia kuliko hata kaburi. Barabara ingekabidhiwa Jumatatu, na vitabu vyote vya kambi vingechomwa siku hiyo hiyo.

"Na ukikipata?" Karani aliuliza. Alikuwa anapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mama atasomewa. Kesho wamemwita jukwaani kupokea msaada."

Karani alisema yuko pamoja nao. Alisema haraka mno, lakini Shindilia alikuwa akimfikiria Bosi.

Jumapili, saa moja asubuhi.

Mbio zilianza mbali, upande wa pili wa vilima. Meza yao ilikuwa tayari, vikombe vimepangwa, vizibao vya njano vimevaliwa. Juu yao kibao kipya cha mbio kiliandikwa 18. Chini, kwenye nyasi, kilisimama kigingi cha zege walichokisimika kwa mikono yao wenyewe. Kiliandikwa 3.

Karani alitazama kichakani. Akatazama tena.

"Umepoteza nini huko?" Baruti alimuuliza.

"Tumbo tu."

"Tumbo la kichakani hilo."

Saa mbili na nusu.

Wakimbiaji walikuwa wengi sasa, wanahema, wananyakua vikombe bila kusimama. Gari jeusi lilikuja taratibu upande mtupu, likasimama. Bosi alishuka na fulana kavu, akaruka ukingo wa katikati, akaja moja kwa moja mezani.

"Nimwagie, dada. Kichwani na mgongoni."

Shindilia alimmwagia. Miaka miwili alimlazia lami mtu huyu, na hata hakumtambua. Angeweza kumpasua pale pale. Spana kubwa ya mashine yake ilikuwa ndani ya kizibao, inamgusa ubavu.

"Mungu akubariki," Bosi alisema, akaanza kukimbia kwa maringo.

Alipopotea kwenye kona, walivuka. Baruti alifungua mlango wa gari, akamwonyesha dereva bastola.

"Baba, mikono kwenye usukani. Hatuna ugomvi na wewe."

"Na mimi sina na nyinyi," dereva alisema. "Mshahara wenyewe wa miezi mitatu sijauona."

Sanduku lilikuwa kiti cha nyuma. Karani alihangaika na ufunguo mpaka Shindilia akamnyang'anya. Bahasha za zawadi. Chini yake, kitabu cha jalada la bluu. Alifungua siku ile. Jina la mdogo wake lilikuwepo, zamu ya mchana, saa ya kuingia imeandikwa. Mstari wa wino ulikata juu yake. Pembeni, mwandiko mdogo uliolala kulia: *Hakufika.*

Mwandiko ule aliujua. Aliuona kila mwisho wa mwezi, kwenye karatasi ya mshahara.

Kabla hajafungua kinywa, simu ya upepo ya ulinzi wa mbio ilikoroma kwenye dashibodi, sauti ya askari.

"Afande, tuko kilomita ya tatu toka alfajiri. Kibao tunakiona. Hakuna gari lililosimama, hakuna mwizi. Huyo karani wako ametuuzia mbuzi kwenye gunia."

Shindilia alicheka, kicheko kikavu, kifupi. Polisi walihesabu vibao vya mbio, ambavyo vilianza upande wa pili. Karani alihesabu vigingi, kama fundi yeyote wa barabara ile, kuanzia kambini, pale mbio zilipoishia. Kati ya tatu ya polisi na tatu ya Karani palikuwa na kilomita kumi na tano na watu elfu nne.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Karani alipiga magoti kwenye lami. "Dada yangu, Bosi aliniamuru nilikate jina. Angenifunga. Kitabu kikitoka ni mwandiko wangu, si wake! Nina watoto."

"Na mama yangu je, alizaa mbuzi?"

Baruti aliinua bastola. "Sogea, Shindilia. Nimmalize."

"Hapana. Huyu namtaka na ulimi wake. Chukua bahasha, pitia kalavatini. Nenda."

Baruti alirudisha bastola kiunoni. Kisha akamtemea Karani mate begani, akateremka na bahasha zake, hakugeuka.

Shindilia alimkandamiza Karani mgongo kwa spana, ndani ya kizibao. Karani alidhani ni bastola. Shindilia hakumsahihisha.

"Simama. Tunamalizia mbio."

Saa tatu na robo.

Karani alikimbia kilomita tatu kama gunia lililotobolewa. Watu pembeni walimshangilia. "Kaza, mzee! Kaza!" Alipovuka mstari, binti mmoja alimvisha medali, naye hakuwa na pumzi ya kukataa.

Bosi alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi. Mama alisimama kando yake, kitenge kimefunika nusu ya uso, macho chini.

"Kijana alikosea," Bosi alikuwa akisema. "Alikuja kwenye mradi amelewa. Lakini mimi sina kinyongo. Mama, pokea..."

Vizibao vya njano viliwapitisha, hakuna aliyewazuia. Shindilia alimpokonya kipaza sauti, akakiweka mdomoni mwa Karani, akafungua kitabu.

"Soma."

Karani alisoma. Sauti ilitoka ile ile ya kuita majina asubuhi, hakuwa na nyingine. Tarehe. Zamu ya mchana. Jina. "Aliingia saa moja kamili. Mzima. Jina nililikata mimi, jioni, baada ya zege. Bosi alisimama nyuma yangu."

Bosi alirukia kitabu. Mafundi waliokuwa kwenye umati walishapanda jukwaani, wakasimama kati yake na kitabu, mikono imefumbatwa. Ving'ora vilisikika nyuma ya vilima, bado mbali.

Shindilia alitoa spana, akailaza mezani kati ya vikombe vya ushindi. Askari wa jukwaani alimkunja mikono nyuma. Pingu zilimbana, hakujali. Alikuwa anamwangalia mama yake tu.

Mama alishusha kitenge. Kisha alilitaja jina la mwanawe, kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu wamzike.

"Yupo!" Shindilia aliitikia.