Operesheni ya Tatu ya Ubah

"Nikah tuahirishe tena," Ubah alisema huku akikunja dera, kama anayeongea na mteja. "Narudi Nairobi. Operesheni ya tatu."

Mchumba wake, Guleid, alibaki kasimama mlangoni mwa duka, funguo za lori mkononi. Maskini, miaka minne akingoja harusi!

"Ya tatu? Ubah, ya kwanza ilikupindisha pua. Ya pili ikaziba tundu, sasa unalala mdomo wazi. Hii itafanya nini?"

"Watatoa kipande cha ubavu wajengee pua."

"Ubavu! Yaa Allah! Na huogopi?"

"Sihisi kitu."

Na kweli hakuhisi. Ncha ya pua ilikufa ganzi tangu ile ya pili, na ganzi ikamshukia hadi moyoni. Mama yake alilia, yeye akaendelea kunywa chai.

"Kama hunitaki, sema," Guleid alisema. "Usijikatekate ili unikimbie."

"Nikukimbie? Si ni wewe ulitaka?"

"Mimi? Lini?"

Ubah alifungua simu, akatafuta meseji ya mwaka ule wa ukame, Guleid akiwa Kulamawe na mifugo. Akamsomea bila kupepesa:

"Nakupenda Ubah, lakini naona shida san."

"Eeh? Sasa?"

"San, Guleid. Kisomali chetu san ni nini, si pua? Unanipenda, lakini shida ni pua. Niliona aibu, nikanyamaza, nikaenda kukatwa."

Guleid alishika kichwa.

"Wallahi ni SANA! Shida sana! Ng'ombe wanakufa, mtandao unapotea, nikaruka a moja! Mimi hiyo pua yako niliipenda, Ubah!" Akaangua kilio mbele ya wateja, bila haya.

Ubah alingoja hasira, haikuja. Alingoja machozi, nayo yakagoma. Kilichokuja ni kicheko kidogo, kikavu.

"Nimekatwa mara mbili," alisema, "kwa a moja."

"Usiende tena. Nakuomba."

"Nitaenda wanifungulie pumzi tu. Mambo ya umbo nimeachana nayo. Na mwambie sheikh, Ijumaa nikah isomwe na pua hii hii."

"Ijumaa hii?" Guleid alifuta macho, tayari anageukia lori. "Nikimpata nakuarifu sasa hivi!"

"Guleid!"

"Naam?"

"Usinitumie meseji. Piga simu."