Kwaya Iliyoziba Njia ya Bondeni

Huko Mbulumbulu, mahindi yakishaingia ghalani, watu hawakai kimya. Majirani huitana kula, na kwaya hutafuta mahali pa kwenda kuimba. Mwaka 1976 mvua zilikuwa nzuri. Mahindi yalijaa, maharage yalijaa, hata panya walinenepa.

Antonia alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya kigango. Alikuwa na sauti ya kusikika hadi shamba la jirani. Asubuhi ile alikamua ng'ombe, akawapa watoto chai, akajifunga khanga mpya.

"Leo mnakwenda wangapi?" aliuliza mumewe, Hhando.

"Wote, Baba Lusia. Zaidi ya hamsini. Tunashuka bondeni kuimba katika kanisa jipya la wenzetu. Tunawapelekea na mahindi ya shukrani."

"Watu wote hao kwenye njia ile?"

"Njia tumeizoea," alisema Antonia, akacheka.

Mashamba ya Mbulumbulu yanapokwisha, nchi hukatika ghafla. Chini kabisa ni bonde la Wamasai. Njia ni moja tu, nayo ni ya mawe. Katikati yake kuna mahali panapoitwa Mlangoni. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni korongo. Hapo hupita mtu mmoja mmoja, tena kwa kushika jiwe. Kina mama wa bondeni hupandia hapo na punda wao, wakija kununua mahindi. Wagonjwa nao hupandia hapo kwenda zahanati.

Kwaya ilipofika ukingoni, mwalimu wao, Clemensi, aliinua mkono.

"Tusiachane!" alisema. "Mnajua desturi yetu. Maandamano ya shukrani hayakatwi. Yakikatika, baraka huvujia hapo."

Hakuna aliyebisha. Desturi ni desturi. Wakashuka wote kwa mstari mmoja, mtu nyuma ya mtu. Ngoma ililia. Wengine walitafuna miwa na kutupa maganda njiani. Wengine walichoka, wakaketi palepale Mlangoni. Mawe yalibiringika kutoka miguuni mwao, na hakuna aliyejali yalikoishia.

Antonia alikuwa mbele. Alipotazama chini, aliona mama wa Kimasai amesimama chini ya mwamba. Alikuwa akipunga shuka juu ya kichwa chake.

"Tazameni, wanatupokea!" alisema Antonia kwa furaha. Akavua kitambaa chake, naye akapunga.

Yule mama alipunga zaidi. Antonia akapunga zaidi. Clemensi akasema, "Wenyeji wamefurahi. Tuongeze wimbo!" Wakasimama, wakaimba wimbo mzima, kisha wakaimba mwingine.

Antonia alipofika chini, alimtambua yule mama. Alikuwa Naisula, ambaye kila msimu hununua mahindi kwake. Mgongoni alikuwa na mtoto, na kichwa cha mtoto kilining'inia.

"Takwenya, Naisula!"

Naisula hakujibu salamu.

"Nimeita mpaka sauti imekwisha," alisema. "Mtoto anawaka moto, ametetemeka mara mbili. Nimepunga shuka nipate njia. Na wewe ukanipungia."

Antonia aligeuka haraka. Alitazama juu. Mstari wa kwaya ulikuwa bado umejaa Mlangoni, na ngoma bado ililia.

"Pisheni!" alipiga kelele. "Kuna mgonjwa! Pisheni!"

Lakini wangepisha wapi? Aliye nyuma hakuweza kurudi, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mwingine. Naisula alisubiri juani mpaka mtu wa mwisho akashuka. Ndipo akapanda mbio.

Siku hiyo Antonia hakuimba. Mchana aliaga wenzake, akapanda mwamba peke yake, akilia njia nzima. Alimwomba Mungu neno moja tu, kwamba yule mtoto awe hai.

Alimkuta Naisula amekaa chini katika zahanati, mtoto yuko mapajani. Mtoto alikuwa amefumbua macho.

"Ni malaria kali," alisema mganga. "Tumeiwahi kwa bahati. Arudi hapa kila siku mpaka amalize sindano."

Antonia alipiga magoti. "Asante Mungu wangu, asante." Kisha akamgeukia Naisula. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilidhani unatusalimu."

Naisula alimpangusa mtoto wake jasho. "Naserian anapumua," alisema. "Hasira nitaipeleka wapi?"

Antonia aliwachukua mama na mtoto nyumbani kwake, wakae mpaka sindano ziishe. Aliwapikia uji wa maziwa. Hhando hakusema, "Si nilikuambia?" Lakini uso wake ulisema, na Antonia alimshukuru kwa kunyamaza.

Jioni moja alimwita Clemensi.

"Mwalimu, huyu Naisula hupita Mlangoni na punda tangu utoto. Kuuliza si ujinga. Tumuulize, kundi kubwa kama letu lipiteje?"

Naisula alichukua magunzi ya mahindi, akayapanga mkekani.

"Haya ni watu wenu," alisema. "Msiingie Mlangoni wote. Jigaweni makundi madogo. Kundi moja lipite, jingine lingoje juu, pale penye uwanja. Hapo katikati panabaki wazi. Mtu akiwa na shida, anapita."

"Na tukikutana na anayepanda?" aliuliza Antonia.

"Mpisheni. Anayepanda ana pumzi fupi. Na mkikutana na punda, simameni upande wa mwamba, si upande wa korongo. Punda hajui upana wa gunia lake."

Hhando alicheka. Naisula akaendelea.

"Jiwe likikuponyoka mguuni, usinyamaze kwa aibu. Ita kwa nguvu, 'Jiwe!' Wa chini wasikie. Na msisimame chini ya mtu anayeshuka. Kupumzika ni mahali papana, kando ya njia. Maganda ya miwa rudini nayo nyumbani, mbuzi watafurahi. Siku ile nikipanda na mtoto, niliteleza juu ya maganda."

"Na ngoma?" aliuliza Clemensi kwa sauti ndogo.

"Pigeni mkifika chini. Punda akishtuka pale juu, hana pa kukimbilia."

Clemensi alikuna kichwa. "Lakini mama, maandamano yakikatika, baraka zitavuja."

"Mwalimu, ng'ombe wangu nikiwapeleka majini wote pamoja, wanakanyagana, na maji yanakuwa tope. Nawapeleka kidogo kidogo. Wakigawanyika, si bado ni ng'ombe wa boma moja?"

Clemensi aliyagawa magunzi mafungu mafungu. "Ni wa boma moja," alikubali.

"Na mtu akipunga mkono?" aliuliza Antonia.

"Nyamaza kwanza," alisema Naisula. "Halafu uliza."

Mwaka uliofuata, mavuno yalikuwa ya wastani, lakini kwaya ilishuka tena. Safari hii walijigawa makundi madogo, kila kundi na kiongozi wake. Wasio na nguvu waliwekwa katikati. Kundi la kwanza lilipita Mlangoni, mengine yakangoja uwanjani. Mara punda watatu wakatokea, wakipanda na magunia ya magadi. Waimbaji waliokwisha kuvuka Mlangoni waliegemea mwamba, mahali penye upana, na punda wakapita taratibu. Mzee aliyekuwa nao aliwashukuru, akawabariki kwa Kimasai. Jiwe moja tu lilibiringika. "Jiwe!" aliita mama mmoja, na wa chini wakaepa.

"Mwalimu, baraka hazijavuja?" Antonia alimtania Clemensi.

"Zimeongezeka. Umesikia yule mzee wa punda?"

Ndipo Antonia akatazama chini. Chini ya mwamba shuka ilikuwa ikipungwa. Aliinua mkono, na watu wote wakanyamaza.

"Kuna niniii?" aliita kwa sauti yake yote. "Kuna mgonjwa? Njia iko wazi!"

Mwamba ulirudisha sauti. Kisha jibu la Naisula likapanda.

"Hakuna shida! Ni Naserian! Anawasalimu!"

Antonia alikaza macho. Kweli, aliyeshika shuka alikuwa mtoto mdogo, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, anaruka. Machozi yalimtoka Antonia, naye hakuyafuta. Alivua kitambaa chake, akampungia.

"Imbeni basi!" aliita Naisula.

"Ngojeni tufike chini!" alijibu Clemensi.

Wakashuka kimya, kundi baada ya kundi. Kundi la mwisho lilipofika, Clemensi aliweka ngoma chini, na Naserian akawa wa kwanza kuipiga.