Mkuki wa Nyanzala, Jina la Kalunde

Kabla bunduki hazijafika bara, Mtemi Msabila wa Igombela alifiwa na mkewe Kalunde. Akaagiza ichongwe sanamu yake ya mti wa mninga, kimo cha mtu mzima, akaisimamisha langoni mwa boma. Mwaka wa pili akamwoa Nyanzala, mwanamke aliyejua kurusha mkuki kuliko wanaume wengi.

Kila Nyanzala alipopita langoni, watu waliiinamia sanamu kwanza, kisha yeye. Hilo alilivumilia. Lililomchoma ni kumwona mumewe kila asubuhi akiipaka sanamu mafuta, akiufuta ule uso polepole. Yeye hakuwahi kuguswa hivyo.

Msimu wa mavuno, Mtemi akiwa safarini kutafuta chumvi, maadui zao Wakwasa wakauzingira mji. Siku ya tisa kuni ziliisha. Nyanzala akachukua shoka, akaenda moja kwa moja langoni, kwenye sanamu.

Luhende, mkuu wa walinzi, akamzuia. "Bibi, hiyo usiiguse. Watu watakata tamaa."

"Na mimi niliyekesha ukutani siku tisa?"

Luhende akainamisha macho. "Hata adui wanaiogopa, Bibi. Wanadhani Kalunde yu hai."

Nyanzala akalishusha shoka. Kisha akavua ngozi yake ya chui, akaivisha sanamu. Iliikaa vizuri kuliko ilivyomkaa yeye, naye akauma midomo.

"Ipandisheni ukutani," akasema.

Wakwasa walipoiona wakapiga kelele, wakaimiminia mishale. Wakati huo Nyanzala na vijana sitini walitambaa katika korongo la maji, wakawatokea kwa nyuma. Mkuki wake ukamwangusha kiongozi wao. Jua lilipofika utosini, Wakwasa walikuwa wakikimbia.

Alirudi bega likivuja damu, akakuta vigelegele. "Kalunde katuokoa!"

Siku ya tatu Mtemi akawasili. Alipiga magoti mbele ya sanamu, akaanza kung'oa mishale mmoja mmoja.

"Umeumia sana?" akauliza, bila kugeuka.

"Unamuuliza nani, Mtemi?" akasema Nyanzala nyuma yake.

Mtemi akang'oa mshale mwingine. Luhende alipotaka kusema ukweli, Nyanzala akamkatiza: "Nyamaza. Sitaki sifa ya kuombewa."

Igombela imekwisha kuwa pori, lakini sanamu ingalipo, na wenyeji husimulia jinsi Kalunde alivyowashinda Wakwasa. Ni ukoo wa Luhende tu unaolijua jina la Nyanzala, nao hulitaja kwa sauti ya chini, kama alivyotaka mwenyewe.