Utiifu wa Corwin Haddix

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili ya kupiga picha, Corwin Haddix alifika kwa wakati.

Tencha alikuwa bado anapanga poda zake mlango wa trela ulipofunguliwa. Akatazama saa ya ukutani, akadhani imekufa. Kwa miaka tisa alikuwa mpambaji wa mwigizaji huyu, kila alipopata filamu, na kila mara ilimbidi aende kumtoa mwenyewe, mara kitandani, mara baa, mara mahabusu.

"Habari za asubuhi, Bi Hortensia," alisema Corwin. "Samahani kama nimekuharakisha."

Tencha akacheka. "Leo umekunywa nini wewe? Tangu lini ukaacha kuniita Tencha ukaniita kwa jina langu kamili?"

Corwin hakucheka. Alikaa kitini, akaweka mikono juu ya magoti, akafumba macho, akainua kidevu kusubiri brashi. Tencha akahisi mgongo unamsisimka. Akajiambia ni baridi ya alfajiri ya jangwani.

Hollywood nzima ilimjua Haddix, na wengi walikuwa na kovu la kumjua. Alikuwa mtoto wa mchimba mafuta wa Oklahoma, aliyeingia mjini na viatu vya kuazima, na haukupita muda uso wake ukawa umebandikwa kwenye kuta za majumba ya sinema nchi nzima. Lakini hakuwa wa kuambiwa. Akiambiwa asimame hapa, anasimama pale. Alipewa mkataba wa miaka saba, akauchoma moto kuwashia sigara mbele ya waandishi wa habari. Wake wawili walimkimbia. Alifungwa siku tisini kwa kuliendesha gari la mkuu wa studio mpaka ndani ya bwawa la kuogelea la mkuu huyohuyo. Kilichomfungia milango kabisa ni ile habari ya taya. Mwongozaji mmoja alimzaba kofi bibi kizee aliyekuwa akicheza kama mpita njia, kwa sababu tu alisahau pa kusimama. Corwin akamvunja taya yule mwongozaji mbele ya watu themanini. Alipoambiwa aombe radhi akajibu neno lake la siku zote: "Sitaki." Miaka minne hakuna aliyempa kazi.

Aliyemwokota ni mtayarishaji Harlan Pruett. Alimleta kwenye filamu ya wachunga ng'ombe, huku kwenye ziwa kavu la chumvi, akamwambia watu wote wakisikia: "Hii ndiyo ya mwisho. Nisumbue, uone kama utapata hata tangazo la sabuni."

Corwin alimsumbua siku kumi. Siku ya kumi na moja, adhuhuri, mwongozaji alimtaka arudie kipande kimoja mara ya thelathini na mbili. Corwin akatupa kofia chini, akaondoka kwa miguu kuelekea katikati ya chumvi, jua likiwa utosini, saa ambayo hata mjusi hujificha. Tencha alimfuata kwa mbali na chupa ya maji. Akamkuta ameinama juu ya kisima kikuukuu cha wachimba chumvi wa zamani, anapayuka ndani yake.

"Nimechoka! Nani anautaka huu uso? Chukua! Chukua na jina lake, uwafanyie yote wanayotaka, mimi niache nilale!"

Ukipayuka kisimani, sauti hurudi. Siku ile haikurudi. Iliingia ikapotea, kama maji yanavyopotea kwenye mchanga, kana kwamba chini kule palikuwa na mtu amekinga mikono. Corwin akageuka, akampita Tencha bila kumtazama, akarudi kazini, akacheza kipande kile bila kosa hata moja.

Na sasa alikuwa kitini, na Tencha alikuwa akimpaka poda.

Saa nne joto lilikuwa limeshapanda. Watu wote walikuwa wanachuruzika jasho, farasi wametoa povu. Tencha alimwendea Corwin na sifongo kumfuta jasho, kama kawaida yake. Sifongo ikatoka kavu. Akampapasa nyuma ya shingo. Pakavu, na baridi kama kigae. Alipomsogelea akasikia harufu ya nywele zilizoungua, na ndani ya kifua chake, mahali pa moyo, mlio mdogo, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga kwa ukucha ubavuni mwa tangi.

"Corwin, unaumwa?"

"Hapana, Bi Hortensia. Niko kama mnavyonitaka."

Wenzake walifurahi sana. Mwongozaji, ambaye wiki nzima alikuwa anakula vidonge vya tumbo, alianza kupiga mluzi. "Simama." Anasimama. "Lia." Analia, na machozi yanakauka kabla hayajafika shavuni. Mtunza farasi mmoja akamtania, "Bwana mkubwa, hebu bweka," na Corwin Haddix, mbele ya watu, akapiga magoti akabweka mpaka alipoambiwa basi. Watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha chenyewe.

Siku ya tatu ya utiifu huo fundi sauti, mzee mmoja aitwaye Thurlow, alimvuta Tencha nyuma ya lori lake. Midomo ilikuwa imempauka.

"Wewe unamjua kuliko sisi. Sikiliza halafu uniambie mimi ni mwendawazimu." Akamvalisha hedifoni.

Tencha akasikia sauti ya Corwin ikisema maneno ya kipande cha asubuhi, safi, neno kwa neno. "Sisikii kasoro," alinong'ona.

"Chini yake. Sikiliza chini yake."

Akafumba macho. Chini ya ile sauti, mbali, kama inatoka mwisho wa bomba refu, kulikuwa na sauti nyingine, imekauka, inatukana, inatukana kwa matusi yale yale aliyoyasikia miaka tisa, ya mama zao na ya farasi wao, na katikati ya matusi ilisimama, ikapumua, ikasema, "Tencha, nitoe. Kuna chumvi mdomoni. Nitoe, mama, nitoe."

Walimpelekea Pruett ule utepe wa sauti. Pruett alisikiliza mara mbili huku akitazama kucha zake. Kisha akaufuta.

"Anafika kwa wakati?" aliuliza.

"Bwana Pruett, yule si Corwin."

"Maneno yake anayajua? Anasimama anapoambiwa? Basi mimi sioni mgonjwa." Akamtazama Tencha kwa upole wa kutisha. "Ijumaa adhuhuri anatia sahihi mkataba wa miaka saba. Wewe mpake poda apendeze."

Jioni ile Tencha aliwasha pikapu yake akaenda kwenye mji wa reli, kwa shangazi yake Refugio, mwanamke mfupi aliyepiga pasi mashati ya watu wa garimoshi na ambaye, watu wakikwama, walimjia kwa mlango wa nyuma awaague. Refugio alisikiliza yote bila kuweka pasi chini.

"Kwa mkono wake mwenyewe atatia sahihi?"

"Ijumaa, shangazi."

"Basi tuna kesho tu na kesho kutwa asubuhi." Akaweka pasi. "Mwanangu, jini la fujo si tabu. Unalichapa majani machungu, linatoka mbio. Hili ni la utumishi. Lenyewe halina chake, hata hasira halina. Linaingia pale mwenye nyumba alipolikaribisha, linafanya kila linaloambiwa. Siku likiliandika jina lile, jina litakuwa lake, na yule wa ndani atazimika kama kibatari."

"Utamtoa?"

"Mimi? Mgeni hufukuzwa na mwenye nyumba. Kazi yangu ni kumwamsha. Nitajaribu asubuhi na mapema, asipoamka tutalirudisha lilikotoka, saa ileile lililoingia."

Alijaribu. Alhamisi kila kazi iliposimama, na Ijumaa alfajiri, Refugio alimpitishia Corwin yai mwilini ndani ya trela ili linyonye ubaya, akamchapa majani, akasali mpaka sauti ikamkauka. Yai alilivunja kwenye bakuli. Likatoka unga mkavu mweupe. Corwin alikaa kitini mikono magotini, akamwambia, "Asante, mama."

Saa tano na nusu Tencha alimwambia apande pikapu. Hakukuwa na haja ya kamba wala hila. "Ndiyo, mama," akapanda, akakaa katikati yao. Na hakuna safari iliyowahi kuwa ndefu kwa Tencha kama ile ya dakika kumi juu ya chumvi nyeupe, jua likiwa limekaa juu ya paa la gari, harufu ya nywele zilizoungua imemjaa mpaka kooni, shangazi yake upande ule akisali bila sauti, na kitu kile katikati kimetulia, kinatazama mbele, hakipumui, ko, ko, ko, ule ukucha unagonga, na kila wanapozidi kukikaribia kisima ndivyo unavyogonga kwa kasi, mpaka gari liliporuka shimo mkono wa Corwin ukaangukia pajani pa Tencha, na ubaridi wake ukapenya gauni ukaingia mfupani.

"Ondoa mkono," alisema Tencha.

"Ndiyo, mama."

Kisimani walimsimamisha jua likiwa utosini. Refugio akamshika Tencha bega.

"Mwamuru."

"Nimwamuru nini?"

"Yale asiyoyataka. Wewe ndiye unayemjua. Mchokoze mpaka aamke."

Tencha akaanza. Piga magoti. Akapiga. Lamba chumvi. Akailamba, ulimi ukachanika, damu haikutoka. Sema baba yako alikuwa mwizi. Akasema. Sema Pruett ni bwana wako. Akasema, kwa adabu, anatabasamu. Tencha akawa analia. Alitazama barabara akaona vumbi la gari linakuja.

"Hasikii, shangazi! Hayumo tena!"

Refugio akavua kitambaa kichwani. Mvi zake zikatoka. Akasogea akasimama mbele ya Corwin, kimo chake kikifika kifuani.

"Mwambie anipige."

"Hapana!"

"Hortensia! Mwambie!"

"Mpige," alisema Tencha, kwa sauti ambayo hakuitambua.

Kofi lilisikika kama ubao uliovunjika. Refugio alianguka kwenye chumvi, damu mdomoni. Akainuka kwa magoti, akainuka kwa miguu, akainua uso wake uleule.

"Tena," alisema.

Tencha alishindwa. Aliyekuwa akigonga kwa ukucha sasa aligonga kwa ngumi, wote walisikia, kifua cha Corwin kinaruka chini ya shati.

"Tena, mwanangu!"

"Mpige tena."

Mkono ulipanda. Ulipanda ukafika juu, ukaganda, vidole vikaanza kutetemeka, na usoni pa Corwin Haddix, kwenye paji lile kavu, likatokea tone moja la jasho, halafu la pili. Mdomo ukapinda. Chumvi ikamwagika kutoka mdomoni, konzi kwa konzi, na nyuma ya chumvi sauti iliyopasuka.

"Si... taki."

"Mpige!" alipiga kelele Tencha.

"Sitaki! Sitaki, sitaki, mshenzi wewe, nimesema sitaki! Toka! Toka nyumbani kwangu!"

Akaanguka kifudifudi, jasho likimtoka kama mvua. Tencha akamkumbatia kichwa, na matusi yaliyokuwa yanamtoka yalikuwa kwake matamu kama wimbo.

Ndipo alipoona chumvi inavunjika.

Gamba la juu lilikuwa linapasuka peke yake, kana kwamba linakanyagwa na miguu isiyoonekana, hatua moja, hatua nyingine, kutoka pale alipolala Corwin kwenda kwenye ukingo wa kisima. Pale hatua zikasimama. Hazikuingia.

"Msiseme neno," alinong'ona Refugio, mkono mdomoni. "Litazameni. Linasubiri kuambiwa."

"Liambie liende zake!"

"Nyamaza! Atakayeliamuru sasa ndiye bwana wake, mpaka kaburini."

Gari jeusi la Pruett, lililofuata alama za pikapu, likafika. Alishuka na mkataba mkononi, kalamu kwenye mfuko wa shati. Akamwona Corwin chini. Corwin akainua kichwa, akatema chumvi, akamwambia mahali pa kuutia ule mkataba wake. Hakuna studio iliyompa kazi tena baada ya siku ile, na mpaka uzee wake hakujuta.

Lakini Pruett hakukasirika. Hata hakumsikiliza. Alikuwa anazitazama zile hatua kwenye chumvi. Alizifuata kwa macho, moja moja, mpaka ukingoni mwa kisima, na pale akapatazama kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia.

"Bwana Pruett," alisema Tencha. "Nakuomba. Usi..."

"Njoo," alisema Pruett, kwa sauti ndogo, ya upole.

Chumvi ikapasuka, hatua baada ya hatua, ikija. Ikawapita karibu kiasi kwamba Refugio alivuta gauni lake. Pruett akatangulia mbele, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akasimama ameushika, kama mtu anayemsubiri mgeni wa heshima akae vizuri.

Gari likazama kidogo upande wa nyuma. Pruett akafunga mlango taratibu, akavaa kofia, akaenda kukaa kwenye usukani.